Mkono wa Rambo: Amri ya Mifuko ya Plastiki Ilivyosomwa Gengeni

Jumamosi ya tarehe 1 Juni 2019, kabla jua halijachomoza vizuri, nilikuwa gengeni kwa shemeji yangu, Mabibo, Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka soko la ndizi. Tulikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Siku hizo genge halipumui: magimbi, viazi vitamu, mihogo, nazi, ndizi mzuzu, kila mwenye nyumba anatafuta cha kufuturu. Nilikwenda kumsaidia kwa kuwa siku hiyo ndiyo amri ya mifuko ya plastiki ilikuwa inaanza kuuma, na yeye usiku hakulala.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee wa mtaa wa pili. Akachagua magimbi manne na nazi mbili, akalipa. Shemeji, bila kufikiri, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, kwenye msumari ambao bunda la rambo, ile mifuko laini ya plastiki yenye mikono miwili, lilikuwa likining'inia tangu genge lianze. Mkono ukakuta msumari mtupu. Mzee naye alikuwa ameshatanguliza vidole viwili mbele, vile mtu anavyotanguliza akisubiri kutundikiwa mzigo. Wakatazamana, wakacheka. Magimbi yakabaki mezani, mzee akarudi nyumbani, akaja na ndoo tupu ya rangi.

Kile kicheko hunijia kila ninaposikia watu wakibishana kama ile amri ilifanikiwa au ilifeli. Mimi naona ubishi huo umebisha hodi mlango wa jirani. Watu wa genge waliisoma amri, tena kwa makini kuliko walivyodhaniwa. Ila walisoma sehemu moja tu: ile ambayo mgambo anaweza kuiona akiwa amesimama barabarani.

Siku 38 bila karatasi

Tuanze na mpangilio wa mambo, maana ndio uliozaa mengi yaliyofuata. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni Dodoma kwamba mwisho wa kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni tarehe 31 Mei. Kanuni zenyewe, Tangazo la Serikali Na. 394 lililotolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilitoka tarehe 17 Mei. Piga hesabu: siku 38 za kusikia amri bila kuwa na maneno yake, kisha siku 15 za kuwa nayo kabla haijaanza kazi.

Siku 38 kwa Dar es Salaam ni nyingi mno. Mtaani kwetu ilishasemwa kwamba maziwa ya pakiti hayatauzwa tena, kwamba mkate utafungwa kwenye gazeti, kwamba pampasi nazo zimo. Mwenye duka jirani alianza kumenya nailoni kwenye katoni za biskuti akidhani anajiandaa. Ukienda ofisi ya mtaa unaambiwa subirini maelekezo. Sikuwalaumu; na wao walikuwa wanasubiri.

Lakini wengi hawakuwa wanaogopa. Walikuwa wanangoja ipite. Mwaka 2006 Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Ali Mohamed Shein, alitangaza kupigwa marufuku mifuko ya plastiki, na wanaokumbuka wanajua kwamba rambo ziliendelea kuwepo miaka 13 mingine. Kwa hiyo mwaka 2019 jibu la kwanza la mtaa lilikuwa lile lile la siku zote: nguvu ya soda hiyo. Fungua kizibo, itatoa povu, itatulia.

Waliosoma tofauti ni wale walioumizwa mwaka 2017. Tarehe 1 Machi mwaka huo pombe za viroba, yaani pombe kali ya vipakiti vidogo vya plastiki, zilipigwa marufuku, na safari ile povu halikutulia. Viroba vilitoweka kweli kwenye vioski, na wenye shehena walibaki nazo. Pombe kali yenyewe haikutoweka, ilihamia kwenye vichupa vidogo, na hilo nitalirudia. Aliyewahi kufungiwa mzigo ghalani hasomi tangazo kama asiyewahi.

Shemeji yangu hakusoma tangazo lolote. Alisoma bei. Katikati ya Mei alikwenda Kariakoo kuchukua bunda kama kawaida yake, akakuta kwa muuzaji wake wa jumla rambo zinauzwa kwa bei ya kutupa, na mwenye duka hataki hata kubishana. Akarudi bila kununua. Akaniambia, "Shemeji, hii ni kweli. Yule bwana hajawahi kunipunguzia hata mia." Nadhani huo ndio uchambuzi bora wa sera niliousikia mwaka ule.

Faini nazo zilikuwa na ujumbe wake. Kukutwa na mfuko au kuutumia: kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Kuuza: 100,000 hadi 500,000, au kisichozidi miezi 3. Kutengeneza au kuingiza nchini: kuanzia milioni 20 hadi bilioni 1, au kisichozidi miaka 2. Kwa genge linalozungusha mtaji wa laki moja na nusu, ile faini ya chini kabisa ya muuzaji inakula theluthi mbili za genge. Ndiyo maana shemeji hakulala, ingawa mifuko yake alishaipeleka ofisi ya kata pamoja na wenzake. Aliipeleka yote isipokuwa nusu bunda. "La akiba," alisema, bila kueleza akiba ya nini. Liliishia kuwashia jiko, moja moja, hadi mwezi wa kumi.

Kilichoondoka na rambo

Niseme wazi: ile mifuko iliondoka. Ndani ya wiki chache rambo na malboro, ile mikubwa ya michirizi, hazikuonekana tena Mabibo, Manzese wala Mwenge. Supamaketi zilihamia kwenye karatasi za kaki na mifuko mbadala. Abiria wa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere walitangaziwa kuwa kutakuwa na dawati la kuacha mifuko wanapoingia nchini. Waliozoea boti za Unguja hawakushangaa, maana Zanzibar ilishatangulia siku nyingi katika jambo hili. Kwa jiji ambalo kila mvua ya masika hulijaza bonde la Msimbazi na kulifunga daraja la Jangwani, na mitaro yake imeshonwa nailoni, sababu haikuhitaji semina.

Ila rambo haikuwa mfuko tu. Ndani yake mkaa wa kopo ulipimwa na kuuzwa. Mama aliitumia kuwashia jiko, akiiacha idondoke matone ya moto juu ya mkaa, huku akigeuza uso kukwepa moshi. Watoto waliifunga kwa kamba tabaka juu ya tabaka, ikawa mpira wa chandimu. Mvua ikikukuta na nywele mpya, rambo ilikuwa kofia. Na juu ya yote ilikuwa ya bure. Muuzaji alikufungia, hukuomba. Ilikuwa sehemu ya adabu ya biashara, kama nyongeza ya nyanya moja juu ya fungu.

Baada ya tarehe 1 Juni adabu hiyo ikapata bei. "Una mfuko?" likawa swali linalofuata salamu. Vijana waliokuwa wakizunguka sokoni na rambo begani walibadilisha bidhaa usiku mmoja. Asubuhi walikuwa na mifuko mbadala, ile ya kitambaa chepesi kisichofumwa, ya bluu, ya kijani, ya zambarau. Mdogo niliuziwa 300, mkubwa 500. Nilinunua kumi, ikabaki nyumbani, na sikuwahi kuwa nayo ninapoihitaji, maana mtu anayetoka kazini akapita gengeni hakupanga kupita gengeni.

Kwa wiki kama mbili hivi, kuelekea Idi na baada yake, vikapu vya ukindu vilirudi. Niliwaona akina mama wamevibeba kwa mbwembwe, wengine na kanga ya sare. Nilidhani vitabaki. Havikubaki, na sababu ndiyo kiini cha kisa hiki.

Amri ilisahau maji

Simama dakika kumi soko la samaki la Feri uangalie kinachobebwa. Vibua vinachuruzika. Pweza anateleza. Dagaa wabichi wana maji yao, na maji hayo yana harufu yake. Sasa weka kilo ya vibua kwenye mfuko mbadala, panda daladala la Mbagala, upakate. Ule mfuko haukuzuia maji hata siku moja. Unayapitisha kama chujio la nazi. Kufika Mtoni, jirani yako ameshahama kiti, kama kuna pa kuhamia. Kikapu cha ukindu nacho ukikipakia samaki mara moja, ndicho kikapu cha samaki hadi kinaoza.

Hali ni ile ile buchani, kwa muuza utumbo, kwa muuza nyanya zilizoiva za masalo, kwenye chipsi zenye kachumbari, kwenye supu ya mtu anayekwenda kumnywesha mgonjwa. Nusu ya kinachouzwa gengeni na barabarani Dar es Salaam kina maji, mafuta au mchuzi. Watu hawakuwa wanaipenda plastiki. Walikuwa wanahitaji kitu kisichovuja, cha bei isiyozidi bidhaa. Mteja wa dagaa wa mia tano hawezi kununua mfuko wa mia tatu. Ukimwambia hivyo anakwenda kwa mwingine, na mwingine yupo hatua nne.

Hapo ndipo kanuni zenyewe zilipoacha mlango, na zililazimika kuuacha. Huwezi kupiga marufuku plastiki yote. Plastiki za huduma za afya, za viwandani, za ujenzi, za kilimo, za kusindika vyakula, za usafi na taka ziliruhusiwa. Karanga, ubuyu, barafu, chumvi, sukari ya robo, vyote vinafungwa kwenye nailoni nyembamba zinazoonyesha, nazo hazikuwa mfuko wa kubebea. Zina jina lake: kifungashio.

Neno hilo, ambalo awali lilikuwa la maofisini, lilishuka mtaani kwa kasi ambayo Baraza la Kiswahili lingetamani kwa maneno yake yote. Kufikia mwaka uliofuata, mama wa genge asiyejua kifungu cha sheria hata kimoja angeweza kukueleza tofauti ya mfuko na kifungashio kama wakili. Nailoni ile ile iliyokuwa ya barafu ikaanza kuja kwa ukubwa zaidi, ya kilo moja, ya kilo mbili, ya kutosha kuku mzima. Haikuwa na mikono. Unaifunga fundo juu, unaishika kwenye fundo, unaondoka.

Kina mkono?

Msimu wa maembe wa mwaka 2022 nilikuwa pale pale gengeni walipopita mgambo wawili. Mmoja akasimama meza ya jirani, mwingine akaja kwetu. Akasalimia vizuri, akaokota rundo la nailoni lililokuwa kando ya mizani.

"Mama, hii ni nini?"

"Vifungashio, afande."

"Siyo mifuko hii?"

"Mfuko una mikono. Hiki hakina. Hiki cha kufungia nyanya."

Akachomoa kimoja, akapulizia kukifungua, akakigeuza kama anayekagua noti. Kisha akauliza swali ambalo, kwa haki yake, lilikuwa swali sahihi kabisa: "Mteja anakibeba mpaka nyumbani au hakibebi?"

"Mteja anabeba nyanya," shemeji akajibu. "Nyanya ndiyo ziko ndani ya kifungashio."

Mgambo alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Akakirudisha kile kifungashio kwenye rundo, akatazama kulia na kushoto, akasema kwa sauti ya chini: "Basi visikae juu. Weka chini ya meza. Na ile mifuko mingine itundike hapo mbele ionekane."

Nimelifikiria sana lile jibu. Wapo watakaosema huyo alikuwa anatafuta chai. Hakuomba, wala hakupewa. Nadhani aliona tatizo kama tulivyoliona sisi. Msimamo wa serikali kuhusu jambo hili haujawahi kuwa fumbo: Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limeshasema mara kwa mara kwamba kifungashio kikitumika kubebea bidhaa kimegeuka kibebeo, na hilo ni kosa. Kwa maneno mengine, kosa limo kwenye matumizi. Lakini mgambo hawezi kukamata matumizi. Anaweza kukamata kitu. Nailoni ile ile ni halali ikiwa na karanga dukani na ni haramu ikiwa na bamia njiani, na yeye anatakiwa ajue inakokwenda.

Mtaa ulishalijua hilo kabla yake. Ulitafuta alama moja ya wazi inayotenganisha halali na haramu, ukaikuta kwenye mkono wa mfuko. Kilichokatwa na amri, kwa vitendo, ni ile mikono miwili ya rambo.

Majirani wa kaskazini waliliona mapema. Tangazo la Kenya la tarehe 28 Februari 2017 lilitaja aina mbili kwa majina: mfuko wenye mikono na mfuko bapa usio na mikono, vyote viwili marufuku, na likatoa miezi sita hadi tarehe 28 Agosti. Sisemi Nairobi hakuna nailoni ya kificho. Nasema kwamba pale hoja ya shemeji ya "hakina mkono" ingekuwa imekufa kabla haijazaliwa, na muuzaji angekuwa amepata nusu mwaka wa kuisoma akiwa na karatasi mkononi.

Na ile mifuko mbadala? Mwaka 2021 nayo ilifika kizimbani. Ile ya mwanzo ilikuwa imara. Unaifua, unaianika, unaitumia tena. Kadiri ushindani ulivyokolea ikazidi kuwa nyepesi, hadi ukifika kona ya kwanza viazi vimeshatangulia chini. Kiwango kinadai uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba, na maofisa wakaingia tena sokoni kusaka isiyofika. Jambo ambalo wanunuzi wengi bado hawalijui ni kwamba kitambaa kile chenyewe ni polipropilini. Ni plastiki. Ikitupwa mtaroni inaziba mtaro kama ile nyingine, tena ni nene zaidi.

Narudi kwenye viroba kama nilivyoahidi. Mwaka 2017 kilichofungwa kilikuwa pakiti ya pombe, na pombe ikahamia kwenye kichupa. Mwaka 2019 kilichofungwa kilikuwa mfuko, na haja ya kubeba vitu vyenye maji ikahamia kwenye nailoni. Mara zote mbili amri ilishika vizuri kule juu: kiwandani, bandarini, kwa muuzaji wa jumla, ambako bomba ni moja na ukilifunga limefungika. Ndiyo maana rambo zilikwisha. Nailoni ya kifungashio haikuweza kufungwa kule juu kwa sababu ina kazi nyingine halali, kwa hiyo kazi yote ya kuizuia ikaangukia kwa mgambo mmoja mwenye virungu na kwa mama mwenye fungu la bamia. Ukiniuliza mimi, pesa na muda wa kuwafukuza akina mama hao vingefaa zaidi kumtafuta mtu atakayetengeneza kitu cha shilingi hamsini kisichovujisha maji ya samaki. Mabuchani nimeona majani ya mgomba yakijaribiwa. Hayakudumu wiki.

Msumari wa gengeni bado upo. Siku hizi unaning'inia mifuko mbadala mitano au sita, ile ile, rangi zake zimepaukia jua upande unaotazama barabara. Haiuzwi sana, kazi yake ni kuonekana. Nailoni ziko chini ya meza, ndani ya beseni, zimefunikwa na gunia la vitunguu.

Majuzi nilipita kuchukua dagaa na ndimu. Shemeji akawatia dagaa kwenye nailoni, akafunga fundo. Akatia hiyo nailoni ndani ya nailoni ya pili, maana dagaa wale walikuwa wabichi. Kisha akachomoa mfuko wa zambarau msumarini, akautikisa vumbi, akazitumbukiza zote humo, akanikabidhi kwa mikono yake.

"Beba hivyo, shemeji," akasema. "Huko njiani leo wapo."